Ncha Nyeupe za Vijiti vya Baba

Mazoezi ya kwaya yetu pale Isaka yalikuwa Jumamosi alasiri, saa ambayo mji mzima husinzia macho wazi. Malori yanayoelekea magharibi yamejipanga kando ya barabara, madereva wamelala uvunguni, na vumbi limening'inia hewani kama limesahau kutua. Nikizikumbuka siku zile, masikio hutangulia, macho hufuata baadaye. Nasikia behewa likigonga behewa kule bandari kavu, halafu, juu ya yote, toazi la baba.

Baba alipiga dramu kanisani kwetu tangu aliporudi kutoka machimboni. Ujana wake aliumalizia upande wa Geita, kwenye mashimo ya wachimbaji wadogo, akishika mashine ya kutoboa mwamba. Dramu alijifunzia huko huko, katika kanisa la mabati lililokuwa jirani na mashimo. Vijiti vyake vya kwanza alivichonga mwenyewe kwa mabaki ya mninga, na nilipokuwa mdogo kazi yangu ilikuwa kuvipiga msasa. Nilikaa kizingitini, unga mwekundu wa mti ukinijaa mapajani, naye akinisimamia.

"Usimalize ncha, mayu," aliniambia, akiniita mama kwa Kisukuma, kama wababa wengi wa kwetu wanavyowaita binti zao. "Ncha ndiyo inayosema. Kijiti kingine chote ni mkono tu."

Baadaye alianza kununua vijiti vya dukani, vya mti mweupe mgumu, nami nikakua, nikapata kazi ya ualimu Kahama. Kila Ijumaa nilirudi Isaka kumwangalia, maana mama alikwishatangulia mbele ya haki na baba alikuwa peke yake. Kupiga dramu nami nilikuwa nimejua kiasi, kwa kumtazama.

Jumamosi moja, kabla mazoezi hayajaanza, mwalimu wa kwaya alinivuta hadi nyuma ya kanisa. Alikuwa mama wa makamo, mtulivu, aliyenifundisha kuimba nikiwa sijaota meno ya mbele.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Zungumza na baba yako. Siku hizi anatuzidi nguvu. Sauti ya kwanza hawajisikii wenyewe, na wazee wamehamia viti vya nyuma."

"Amekasirishwa na mtu?"

"Ndicho tunachojiuliza. Ukimtazama usoni, ametulia kabisa. Mkono tu ndio uliokasirika."

Siku ile nilikaa karibu na dramu nikamwangalia. Uso wake ulikuwa uleule wa siku zote, umetulia kama wa mtu anayetazama mvua. Lakini mkono wa kulia ulipanda juu kuliko nilivyouzoea na kushuka juu ya toazi kama unapasua kuni. Wimbo ulipoisha nilichukua vijiti vyake kana kwamba navifuta jasho. Cha kushoto kilikuwa kizima. Cha kulia, ncha yake iliyokuwa ya mviringo ilikuwa imelika upande mmoja, bapa, nyuzi za mti zimechanuka kama mswaki uliotafunwa. Chini ya ncha, shingo ya kijiti ilikuwa imeng'atwang'atwa na ukingo wa toazi.

"Baba, hiki kimekufa," nilimwambia.

Hakujibu. Nikamgusa bega, nikarudia.

"Si kijiti," akasema. "Ni toazi. Lina ufa mahali. Halilii tena."

Watu walikuwa wametoka nje kunywa maji. Baba aliinama kukaza kamba za kiatu, amenipa mgongo. Nilichukua kijiti kipya kutoka kwenye mfuko wake, nikaligusa toazi taratibu kwa ncha. Lililia. Sauti ilikwenda hadi kwenye mabati ya paa, ikazunguka, ikashuka nyembamba, ikabaki hewani kwa muda mrefu. Njiwa waliokuwa kwenye kenchi waliruka. Baba aliendelea kukaza kamba za kiatu.

Nililigusa tena. Alimaliza kiatu cha kulia, akahamia cha kushoto.

Nadhani nilisimama pale muda mrefu. Mwanga wa dirishani ulikuwa wa rangi ya mahindi makavu, na baba alikuwa ndani yake, amezungukwa na mlio ambao mimi niliusikia na yeye hakuusikia.

Tulipofika nyumbani nilimwekea chai, nikakaa mbele yake ili aone mdomo wangu.

"Baba, ndege unawasikia?"

Alikizungusha kikombe. "Ndege waliondoka zamani," akasema. "Mwanzoni nilidhani ni ukame. Halafu ikaondoka simu, ikaondoka sufuria inayochemka. Toazi lilikuwa la mwisho. Nikaona nikilipiga zaidi litarudi."

"Kwa nini hukusema?"

"Ningesema nini, mayu? Tukitoka shimoni tulikuwa tunasikia mvumo masikioni, kama mvua iko mbali. Kila mtu alikuwa nao. Kesho yake unakwisha, tunashuka tena. Wangu siku moja haukuisha."

Nilimpeleka Mwanza kwa daktari wa masikio. Daktari alimpima, akatuambia kwa upole kwamba sauti nyembamba ndizo hutangulia kupotea kwa watu wa mashine, na zikienda hazirudi. Akashauri kifaa cha kuvaa sikioni. Baba alikisikiliza kifaa kile dakika chache, akakivua. Alisema kinaleta kelele za viti na kuziacha sauti za watu.

Kabla ya kurudi tulipita kwenye duka la vyombo vya muziki. Muuzaji, kijana aliyekuwa akipiga dramu mwenyewe, aliniuliza tunatafuta nini, nikamweleza. Alifikiri, akatoa jozi ya vijiti vyenye ncha za nailoni, nyeupe, kama punje za hindi.

"Mti unatoa sauti ya joto, halafu ukichakaa unafifia," alisema. "Hii haichanuki. Mlio wake ni mkali, una makali mwanzoni. Mpe ajaribu."

Baba alikaa kwenye dramu ya dukani. Alinyanyua mkono juu, kama alivyozoea, na kushusha. Kisha akasita. Akapiga tena, chini zaidi. Akapiga mara ya tatu kwa kugusa tu, kichwa kimeinama upande.

"Silisikii lote," akasema. "Nasikia pale linapoanza. Ti. Halafu linaingia gizani."

"Inatosha?"

"Wabeja," alimshukuru kijana, akisahau kwamba labda hajui Kisukuma. Ilimtosha.

Jumapili iliyofuata alipiga kwa mkono mwepesi. Hakuwa na haja tena ya kulitafuta toazi kwa nguvu, maana lilimjibu. Kwaya ilijisikia yenyewe, na wimbo wa pili ulipofika katikati nilimwona mwalimu akifumba macho huku mikono yake ikiendelea kuongoza. Wazee walirudi viti vya mbele, mmoja mmoja.

Ilidumu karibu miaka miwili. Ncha zile hazikuchakaa kama za mti, ila ya kulia ililegea polepole, na siku moja, katikati ya ibada, ilichomoka ikaruka hadi chini ya meza ya sadaka. Baba alimaliza wimbo kwa kisiki. Nilimnunulia jozi nyingine ya aina ileile. Aliijaribu, akatikisa kichwa.

"Hata ile ti imeondoka," alisema. "Nipe za mti. Nailoni inateleza tu, haisemi kitu. Mti ukiigusa ngozi ya ngoma, nasikia kwenye kifundo cha mkono."

Mwezi ule alimwomba mwalimu wa kwaya nikae mimi kwenye dramu. Aliomba mwenyewe, amesimama, mbele ya kwaya nzima, bila huzuni niliyoiogopa. Mimi ndiye niliyelia.

Mwaka jana, baada ya mavuno ya mpunga, tulikwenda kwa mdogo wake nje ya mji, ambako vijana wa kijiji walikuwa wamewamba ngoma kubwa kwa ngozi ya ng'ombe. Waliposikia kwamba mzee alikuwa mpigaji, wakamkabidhi gongo lililokatwa porini asubuhi ile, limebanduliwa maganda tu, halina ncha wala vanishi. Alilipima mkononi, akaiegemea ngoma hata tumbo likaigusa, akapiga. Mchanga ulitikisika chini ya miguu yangu.

Alinigeukia, uso umefunguka.

"Hii naisikia yote," akasema.

Wanawake wakaanza kuitikia, naye akaendelea, bila haraka, hadi ng'ombe waliporudi kutoka kunywa maji wakapita kati yetu, na hakuna aliyewafukuza.