Ndizi Juu ya Dari

Nikisimulia hili mpaka leo naziba uso kwa kanga, lakini bora mlisikie kwangu kuliko kwa watu wa Isongole, maana wao wanaongeza chumvi.

Nilikuwa nesi wa zahanati ya huko, miaka ile soko huria limeshika kasi na kila mtu Rungwe anatembea na koti la mtumba. Wodi yetu ya wazazi ilikuwa bati tupu, na ikifika Juni vichanga vilitetemeka mpaka roho inakuuma. Akaja mtaalamu wa mradi mmoja, kijana mpole mwenye miwani, akajaza majani makavu ya mgomba juu ya dari la nyumba yangu, ya mwalimu jirani akaiacha vilevile, kisha akatundika vipimajoto kote kuwili: yangu ikionekana ina joto zaidi, basi na wodi inawekewa majani hayohayo.

Mama mkwe wangu naye akaniletea mikungu ya ndizi mbichi kutoka Kawetele. Nikawaza, wageni wa mradi wanakuja kuona matokeo, watakula nini? Na penye joto na majani makavu ya mgomba sisi huvundika ndizi (hilo hakuna anayefundishwa). Nikaipandisha mikungu darini, nikaifukia vizuri, nikasahau kabisa kwamba ndizi zikivundikwa nazo hutoa joto lake.

Siku ya wageni kipimajoto changu kilikuwa juu kuliko siku zote. Mtaalamu akafurahi, akaomba ngazi achungulie majani yake.

"Usipande, kaka," nikasema, "huko kuna nyuki."

"Nyuki?" akadakia mwenyekiti wa kijiji, mzee asiyeogopa kitu. "Leteni moshi tuwatoe!"

Kabla sijapata uongo mwingine, tone zito likamdondokea kwenye upara, akalipangusa kwa kidole, akalamba.

"Ndaga, asante, Nesi! Asali yako tamu!"

Wote tukainua macho, na plaiwudi ya dari (kumbe ilishalowa zamani) ikalia kraa, ukashuka mkungu mzima mezani, umeiva mpaka umepasuka, na majani yakafuata juu yake. Mama mkwe, aliyekuwa anamimina chai, akasema taratibu, "Ehee, zimeiva vizuri."

Watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Mtaalamu hakucheka.

"Dada," akaniuliza, "sasa nitajuaje kilichopasha nyumba, ni majani au ni ndizi?"

Jaribio likaanza upya, na majani yalishinda kweli, ila wodi iliwekewa mwaka uliofuata. Ile baridi yote iliyobaki nilifunika vichanga kwa mablanketi ya kitandani kwangu, nikaapa kwamba kitu kinachopimwa sitakiongezea hata jani moja. Na kila mama aliponishukuru kwa moyo wangu mwema, nilishindwa kumtazama usoni.