Mtoto Niliyesema Nimembatiza

Admin, nifiche jina tafadhali. Mimi ni mama wa miaka hamsini na sita, mjane, naishi Kizwite hapa Sumbawanga, nauza maharage barazani kwangu. Msione umri mkadhani nina busara. Haya ninayoandika sijawahi kumwambia mtu zaidi ya padre mmoja.

Miaka ishirini na tisa iliyopita nilikuwa mhudumu wa zahanati ya kijiji kimoja upande wa Mwazye. Siku hiyo mganga alikuwa amekwenda mjini kufuata dawa, mvua inapiga, akaletwa mama mwenye uchungu wa siku mbili. Alishazika watoto wawili, wote bila ubatizo, na kijiji kizima kilijua anavyowalilia. Huyu wa tatu akatoka kimya, amekuwa wa bluu, hana pumzi. Nikamsugua, nikampiga-piga nyayo, wapi. Nikamfunika kanga nikamweka mezani, nikarudi kwa mama maana damu ilikuwa inamtoka vibaya.

Akanishika mkono akaniuliza, "Umembatiza?"

Nikamjibu, "Ndiyo, nimeshambatiza."

Sikuwa nimembatiza. Katekista alitufundisha kwamba maiti habatizwi, nami niliamini yule ameshakufa. Nilitaka tu mama wa watu atulie nimwokoe yeye. Basi haikupita muda, pale mezani ikasikika chafya, halafu kilio. Bibi wa mtoto akaingia anapiga vigelegele, na mama kitandani akawa analia anasema maji ya ubatizo yamemwamsha mwanawe. Kikombe cha maji kilikuwa hapo hapo dirishani. Ningekichukua nikasema yale maneno machache, mambo yangeishia pale. Nikaona aibu. Mjinga mimi.

Padre alipokuja kigangoni akaniuliza kama nilitumia maji na kama nilitamka maneno yote. Nikaitikia kwa kichwa. Kwa hiyo hakummwagia maji, alimpaka mafuta tu, akamwandika kwenye kitabu cha ubatizo, na mimi nikawa shahidi. Tangu siku hiyo pale kijijini naitwa mama wa maji.

Jamani, yule mtoto kakua na hiyo hadithi. Akiulizwa kwa nini aliingia seminari anasema ni kwa sababu maji ya ubatizo yalimrudishia pumzi, na watu wanatoa machozi. Sasa ni shemasi. Wiki mbili zijazo anapewa upadre. Vitenge vya sare vimeshashonwa, ulezi wa pombe ya sherehe umeshaoteshwa, ndugu wanatoka mpaka ziwani huko.

Mwezi uliopita alikuja kunisalimia. Nilimpikia ugali na dagaa, tukiwa tunakula nikamuuliza kwa kuzunguka, kwamba mwanangu, hivi ikitokea mtu anadhaniwa amebatizwa kumbe hajabatizwa, halafu akawa padre, inakuwaje? Akacheka, akasema mama umeanza kusoma teolojia uzeeni. Halafu akanieleza taratibu kama anafundisha watoto. Kwamba ubatizo ndio mlango, asiyepita hapo sakramenti nyingine zote hazimshiki. Kwamba Mungu hafungwi na sakramenti zake, mtu yule hapotei kwa kosa asilolijua. Ila misa zake hazitakuwa misa, na watakaomwungamia watakuwa wamepiga hadithi tu.

Nikamuuliza dawa yake ni nini.

"Ndogo tu, mama," akasema, huku anamega ugali. "Abatizwe, aanze upya. Aliyejua aseme."

Nikainuka kufuata maji. Nikasema nimepaliwa.

Kesho yake nilikwenda kuungama kwa paroko wetu. Miaka yote hiyo nilikuwa naungama visirani na umbea, hili naliruka. Nikalisema lote. Akanieleza kwamba Mungu anamsamehe anayetubu, lakini kutubu ni pamoja na kurekebisha, na kwamba aliyoyasikia pale kwenye kitubio hawezi kutoka nayo mlangoni, hata kwa askofu, hata mimi mwenyewe tukikutana nje hawezi kuniuliza. Akaniomba nimfuate ofisini nimwambie upya. Nikaahidi. Nilipofika ofisini nikamkuta mama wa shemasi, ambaye naye siku hizi anasali parokia yetu, na wanawake wenzake wanapanga mambo ya sherehe, akaninyanyukia kunikumbatia. Nikageuka nikaondoka.

Sasa kila Jumapili paroko ananipita ananisalimia Tumsifu Yesu Kristo kama anavyosalimia wengine, hata jicho halibadiliki. Hilo ndilo linalonitisha kuliko angenigombeza. Siku ya upadrisho atasimama pale altareni anajua, na mdomo wake umefungwa, na mwenye ufunguo ni mimi. Nikisikia radi nakaa chini.

Juzi yule mama amekuja kuniambia mwanawe ameomba baraka yake ya kwanza ya upadre niipokee mimi, kabla hata ya yeye aliyemzaa, na akasema hana kinyongo, ni haki yangu. Jamani! Nikisema, namnyang'anya mwanamke huyu kitu kilichomtoa kwenye kilio, na kijana naye sijui atasimama juu ya nini. Nikinyamaza, watu watamfuata kwa miaka na dhambi zao na wagonjwa wao, wakijua wamepewa kumbe hawakupewa. Na mimi siku nikiwa nakata roho, ni yeye watakayemwita. Atanipaka mafuta kwa upendo wake wote, na nitakuwa najua ni mafuta tu.

Wenzangu mlio waamini, na hata msio, nielekezeni. Nianze kwa mama yake au kwa kijana mwenyewe, na neno la kwanza niseme nini? Nisimangeni mnavyotaka, nimestahili. Ila asije mtu kunishauri ninyamaze, maana hilo nimelifanya miaka ishirini na tisa na nalijua vizuri.