Mwanangu yuko hai, ila kwa baba yake walishamlilia

Admin, nifiche jina, mume wangu yumo humu humu.

Nina miaka 28, naishi Izia kwa mama yangu. Nimeolewa kijijini Mwazye, kwenye familia inayokaa benchi la mbele kanisani. Binti yetu wa kwanza alizaliwa na mpasuko kuanzia mdomoni hadi karibu na jicho. Mama mkwe alikuwa amesema mjukuu wa kike atachukua jina lake. Alipofunua kitenge akamtazama, akafunika, akasema, "Jina langu halikai kwenye uso huu."

Tukapewa rufaa Mbeya. Mume wangu alitusindikiza mpaka stendi tu, akarudi zake. Kule nilikaa miezi, mtoto anapasuliwa, anashonwa, mimi namnywesha maziwa kwa kijiko. Siku moja jirani yetu wa Mwazye akanipigia analia, ananipa pole ya msiba. Msiba gani tena? Kumbe ukweni wametangaza mtoto amefia hospitali na amezikwa huko huko. Watu walileta unga, wakalala matanga siku tatu. Nikampigia mume wangu. Akanijibu, "Nyamaza tu, mama ndiye ameamua. Hata wewe itakupunguzia maneno ya watu."

Na mimi mjinga nikanyamaza. Hilo ndilo linalonitafuna mpaka leo.

Tulipotoka hospitali nikaja naye hapa kwa mama, na sasa ana miaka mitano. Walimfanyia upasuaji wa pili, kovu lipo, lakini anakula ugali vizuri na anaongea mpaka tunamnyamazisha. Baba yake huja kwa kujiibaiba, na amemfundisha amwite mjomba. Mimi nami, tukaneni tu, nina mimba yake ya miezi minane. Kipimo kimeonyesha ni msichana. Mama mkwe kafurahi huyo, ametuma ulezi wa uji na maagizo juu: nikajifungulie kwao, huyu ndiye atapewa jina lake, na "yule mwingine" abaki Izia. Nikiulizwa, niseme ni wa dada yangu. Mume wangu anasema nikikataa ataoa mwingine.

Jana nilikuwa nakunja nguo za mtoto mtarajiwa, binti yangu akaja akakaa karibu. Akaniuliza taratibu, "Mama, mdogo wangu akizaliwa, naye atamwita baba mjomba?"

Sikumfundisha mimi. Sijui amejua lini.

Ndugu zangu, nishaurini. Nimjibu nini huyu mtoto?