Kipaza na Sikio Lililosikia kwa Kuchelewa

Mtu akimwona Kipaza kwa mara ya kwanza hujiuliza mambo mawili: mwili mwembamba hivyo umepata wapi sauti nene hivyo, na lile sikio la kushoto limekwenda wapi. La sauti hana jibu. La sikio hukujibu kabla hujauliza.

"Wahenga walisema sikio la kufa halisikii dawa," husema. "Langu lilisikia, ila kwa kuchelewa. Ndiyo maana limebaki nusu."

Yeye ni mshereheshaji wa harusi. Alizaliwa na ualbino. Ngozi yake haina rangi ya kuikinga na jua, na macho yake huona ya karibu tu. Ratiba ya sherehe huandikiwa kwa herufi kubwa kama za bango, na wageni huwatambua kwa sauti. Kohoa tu mlangoni, atakukaribisha kwa jina, pamoja na la mama yako.

Mkasa wa sikio ulianza alipokuwa bado kijana, amemwoa fundi cherehani mmoja mwenye ulimi mkali na mikono laini. Kila Jumamosi alikuwa kwenye uwanja wa mtu, juani, kichwa wazi, akiamini kofia humharibia sura. Juu ya sikio pakatokea kidonda kidogo chenye magamba. Kinakauka, kinapasuka, kinachafua mto kwa damu, kinakauka tena. Akapaka kila mafuta aliyoambiwa na kila mpita njia. Mkewe akisema twende hospitali, yeye ana sherehe. Mwaka ukakaribia kuisha hivyo, na kidonda kikawa na ukubwa wa kifungo cha koti.

Ilikuwa saratani ya ngozi. Alilazwa, akakatwa sehemu kubwa ya sikio. Daktari, mama mmoja anayezungumza polepole kama anayebembeleza mtoto, alimwambia, "Ungekuja kikiwa kama punje ya mchele, ningekimaliza kabla chai yangu haijapoa. Sasa nisikilize. Ngozi yako imelimbikiza jua la miaka mingi. Ugonjwa huu unaweza kurudi, pengine mahali pengine. Kazi yetu ni kuuwahi."

Neno hilo la kurudi ndilo lililomvunja. Alirudi nyumbani akaugeukia ukuta, simu za kazi hapokei, mzaha hana. Mkewe alimwacha anune, kisha siku moja akaketi ukingoni mwa kitanda na futi yake ya kupimia ingali shingoni.

"Daktari kasema kinaweza kurudi," alisema. "Hajasema kitatukuta tumelala."

Tangu hapo, Jumapili baada ya chai, Kipaza huvua shati na kuketi kwenye kigoda katika chumba cha ushonaji. Mkewe huvuta taa ya cherehani karibu, akamkagua shingo, mgongo, mikono, mpaka nyuma ya magoti. Walipozaliwa mabinti wao pacha na kukua, wakapewa kichwa. Mmoja ana kitana, mwenzake ana vidole.

"Kidole kimoja hakivunji chawa," husema mmoja.

"Sina chawa!" hunguruma baba yao, na hapo ukaguzi husimama kwa vicheko.

Kikarudi kweli. Kwanza shingoni, kisha kwenye paji la uso, kisha nyuma ya mkono. Lakini kila mara kilikutwa kingali kidogo, na kila mara Kipaza alirudi nyumbani siku ileile na plasta tu. Cha mkononi hata hakikukatwa, kiligandishwa kwa baridi kali. "Kama barafu yenye meno," alieleza. Akazoea kofia pana, mikono mirefu na losheni ya kukinga jua. Maharusi waliotaka sherehe ya mchana uwanjani aliwaambia waziwazi: turubai, au mtafute mwingine.

Halafu ikaja harusi ya binti wa mkandarasi, kubwa kuliko zote alizowahi kupewa. Jumapili kabla ya siku yenyewe, taa ya cherehani ikasimama usoni pake.

"Usitingishike," mkewe alisema.

"Nini?"

"Kipo. Ubavuni mwa pua. Kigumu kama ukoko."

"Mafua hayo."

"Baba Pacha, kipo."

Kipaza akashusha pumzi. "Basi nitakwenda baada ya harusi. Nitasimamaje mbele ya watu wote wale na bandeji puani?"

Mkewe akazima taa. "Basi mwakani usimame bila pua."

Pacha mmoja alijaribu kuzuia kicheko, kikamtoka puani. Baba mtu akamtazama, akacheka yeye pia, na maneno yakaishia hapo.

Kesho yake daktari alimchoma sindano ya ganzi, akakikata, akashona, na kile kinyama akakipeleka maabara.

"Chai imepoa?" Kipaza aliuliza akiwa bado amelala chali.

Daktari akagusa kikombe. "Bado."

Jumamosi alipanda jukwaani na bandeji nyeupe katikati ya uso. "Mabibi na mabwana," akasema, "bibi harusi aliomba mshereheshaji asimzidi uzuri. Nimetii." Watu wakaangua kicheko. Kisha, kwa sauti ya kawaida, akawaambia ukweli: hii ni saratani ya ngozi, imeshanirudia mara kadhaa, na nipo hapa kwa sababu mke wangu huiona ingali ndogo. Akamaliza, "Haya, tukate keki."

Muziki ulipopamba moto, shangazi wa bibi harusi, mjane mnene aliyekuwa amecheza mpaka akavua viatu, alimfuata kando ya spika.

"Mwanangu, nina doa jeusi chini ya kisigino. Lilikuwa kama nukta, sasa linatanuka. Nadhani ni viatu tu. Mimi na weusi wangu huu, saratani ya ngozi itanipatia wapi?"

"Hata mimi sijui, Shangazi. Lakini juma lijalo nakwenda kutolewa nyuzi. Twende pamoja, daktari akuambie ni viatu."

Daktari hakuwaambia ni viatu. Aliukagua unyayo kwa kioo chake cha kukuzia, akaeleza kwamba ngozi nyeusi nayo hupata saratani, na aina moja hupenda nyayo, viganja na chini ya kucha, mahali ambapo watu hawatazami. Majibu ya maabara yalithibitisha. Ilikuwa aina kali, lakini ilikuwa bado juujuu. Walikata eneo pana, wakaziba kwa ngozi ya pajani, na Shangazi akatembelea magongo akilalamika kila hatua. "Umenitia kilema katikati ya msimu wa harusi!" alimfokea Kipaza kwenye simu, kisha akashusha sauti. "Mungu akuweke, mwanangu."

Majibu ya pua ya Kipaza yalikuwa mazuri: kingo zote za kile kinyama zilikuwa safi, saratani ilikuwa imetoka yote.

Asidanganywe mtu kwamba amezoea. Asubuhi za kliniki chai hainyweki, na mkewe hujua kumwacha. Mwezi uliopita palitokea kingine begani, nao wakakaa kwenye benchi la kliniki wakisubiri, yeye amejikunyata kama kuku aliyenyeshewa.

"Mbona mshereheshaji ananuka huzuni?" sauti ilisema. Aliitambua kabla haijamaliza. Shangazi alikuwa amekuja kuangaliwa unyayo, anatembea bila magongo, na nyuma yake mzee mmoja nadhifu amembebea mkoba.

"Huyu nani, Shangazi?" aliuliza mke wa Kipaza.

Shangazi akainamisha uso kama msichana. "Alikuwa anakuja kwa mazoezi ya goti. Tulizoeana hapahapa kwenye benchi. Sasa tunaoana."

"Mnaoana!" Kipaza alipaza sauti mpaka muuguzi akachungulia.

"Na utasherehesha wewe. Ukumbini, si juani."

Muuguzi akamwita aingie. Kipaza akainuka, akageuka mlangoni. "Bwana harusi," alimwambia yule mzee, "anza kujifunza kucheza leo. Huyu hachoki."