Kazi Haizimwi, Inalazwa

Mume wa mama huyu alikuwa fundi wa kudarizi, na majirani walimwita Taratibu, maana hata chai aliinywa kama anayeitafakari. Maua yote aliyachora kwanza kwenye kompyuta, kwa programu ya kununua ambayo haikukubali kufanya kazi ila ndani ya Windows. Kompyuta ya zamani ilipokufa, mdogo wake akampa nyingine yenye Linux, mfumo tofauti na Windows, akamtengenezea ndani yake kompyuta ya pili ya kuigiza, isiyoshikika kwa mkono, yenye Windows yake na programu ile. Taratibu aliizoea kuliko viatu vyake. Akimaliza kazi hakuifunga. Aliilaza, ili kesho iamke palepale alipoachia, hata mshono mmoja usipotee.

"Kazi haizimwi," alimwambia mkewe, "inalazwa."

Asubuhi moja akailaza, akaenda hospitali kwa miguu yake mwenyewe, hakurudi. Alikuwa katikati ya ua la shela ya binti yao.

Tangu hapo mjane hakuruhusu mtu aiamshe. Maua ya zamani yalikuwa tayari kwenye kumbukumbu ya cherehani ya kudarizi, akajipatia riziki kwa hayo. Ila harusi haingoji msiba uishe, na shela ilibaki na ua nusu. Binti hakudai kitu. "Mama, nitaivaa hivyo hivyo," alisema, na hilo ndilo lililomchoma.

Akamwita shemeji yake, yule mdogo wa marehemu.

"Nikiiamsha, shemeji, saa yake itatembea," alisema mdogo huyo. "Ile aliyoiacha kaka haitakuwepo tena. Nikutolee nakala kwanza?"

"Nakala ya nini? Yeye aliniachia nakala?"

Shemeji akabonyeza. Kioo kikajaa ua: petali nne zimetimia, ya tano imeanzwa tu. Pembeni saa ilionyesha asubuhi ile ya hospitali, kisha ikaruka hadi leo. Mjane aliiona ikiruka. Machozi yalimtoka bila kuomba ruhusa, lakini mkono ulikuwa tayari kwenye kipanya. Miaka yote alisimama nyuma ya kiti kile akimsema mumewe kwa uzito wake. Kumbe macho yalikuwa yakisoma. Petali ile aliimaliza polepole kuliko hata mwenyewe angeimaliza.

Walipokwisha kulihamishia ua kwenye cherehani, shemeji akanyoosha mkono ailaze, kwa mazoea ya nyumba ile.

"Usiilaze," alisema mjane. "Izime, shemeji. Kazi yake imekwisha."