Mama Mvua na Paa la Wodi

Shangazi yangu amelipwa miaka ishirini kumwagilia kitu kisichoota. Ndivyo anavyojibu mwenyewe akiulizwa anafanya kazi gani, kisha anacheka kabla yako.

Kazi yenyewe ni hii. Zege likishamwagwa, mafundi wananawa mikono na kwenda zao wakidhani mambo yamekwisha. Hayajaisha. Zege bichi linataka kunyweshwa asubuhi, mchana na jioni, tena lifunikwe magunia yaliyolowa, la sivyo jua linalipasua. Na ile miti inayolibeba kwa chini, mirunda, haiguswi mpaka zitimie siku ishirini na nane. Shangazi, na miaka yake hamsini na tisa, anapanda ngazi na ndoo kichwani, na akifika juu anaanza kwa salamu: "Umeamkaje, mwanangu?" Vijana walimcheka mpaka wakachoka, wakamwita Mama Mvua.

Mumewe alikuwa fundi mwashi. Jina lake la kazini ni Timazi, kwa jinsi kuta zake zilivyosimama wima, na halijamtoka hadi leo ingawa yeye mwenyewe sasa anatembea upande. Miaka kumi na moja iliyopita walikuwa wanajenga jiko la shule. Wakubwa walitaka lifunguliwe haraka, mirunda ikang'olewa siku ya saba, zege likaporomoka na Timazi alikuwa chini yake. Nyonga iliungwa vibaya. Tangu hapo hajaingia chini ya zege, liwe la nani. Akienda zahanati anasubiri uani, daktari anamfuata huko huko. Binti yake alipoolewa, sherehe ilikuwa kwenye ukumbi wa ghorofa, na mzee alikaa nje kwenye kiti cha plastiki. Bibi harusi alitoka na shela lake kuja kumshika mkono. Nilikuwepo, na nililia bila aibu.

Kila jioni shangazi akirudi, mzee humuuliza swali moja tu, kama mtu anayeulizia kichanga cha jirani: "Lina siku ngapi?"

Sasa nifike kwenye aibu yangu. Baada ya miaka miwili ya kukaa bure nilipata usimamizi wa ujenzi wa wodi ya wazazi. Nyumbani nina mke na watoto watatu, kwa hiyo kazi ile niliishika kwa mikono miwili, na kibarua wa kwanza niliyemwita alikuwa shangazi. Tulichimba msingi, tukapandisha kuta, kisha saruji ikakatika. Mkandarasi alikuwa ameipeleka kwenye kazi yake nyingine. Miezi mitano hakuna aliyetuuliza, mahindi yakaota mlangoni mwa wodi. Halafu ikatangazwa tarehe ya mgeni rasmi, na watu waliolala miezi mitano wakaamka wanakimbia. Watu husema miradi yetu inakufa kwa kukosa utaalamu. Utaalamu upo, jamani. Tunachelewa tunapotakiwa kwenda, na tunakimbia tunapotakiwa kungoja.

Paa la zege tulilimwaga zikiwa zimebaki siku kumi. Siku ya tisa injinia wa mradi akanipigia simu: "Ng'oa mirunda leo. Mgeni hawezi kukuta msitu ndani ya wodi."

"Injinia, lina siku tisa tu."

"Saruji ya siku hizi inakauka haraka. Kama huwezi, niambie nitafute anayeweza."

Sikumwambia siwezi. Nilifikiria watoto wangu, nikachukua nyundo, nikaita vijana wawili. Tulipofika mlangoni tukamkuta shangazi katikati ya wodi, amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, anamenya chungwa.

"Shangazi, toka. Tunataka kung'oa."

"Ng'oeni. Mimi nimechoka, napumzika kivulini."

"Litakuangukia!"

"Liniangukie vipi? Si wamekwambia limekauka?" Alinitazama usoni, bila hasira hata kidogo, akanikatia kipande cha chungwa. "Kukauka si kukomaa, baba. Wewe unajua. Kama ungekuwa hujui ningekugombeza."

Nilikula lile chungwa nimesimama, nyundo mkononi, nikiwa nimeona haya kuliko siku yoyote ya maisha yangu. Nikampigia injinia nikamwambia mirunda haitoki. Akanijibu kwamba basi nitatoka mimi.

Alikuja mwenyewe kabla ya saa kumi. Shangazi alikuwa pale pale.

"Mama, tupishe tufanye kazi."

"Karibu, mwanangu, karibu ndani. Shika nyundo upige wa kwanza, mimi nipo nawe."

Injinia aliinama, akaangalia lile zege juu, akaangalia viatu vyake. Hakuvuka kizingiti. Akawaambia vijana waende kutafuta turubai. Kesho yake mgeni rasmi alikata utepe nje, mbele ya mlango uliofunikwa turubai la buluu, akaisifu wodi ambayo hakuiona. Watu walipiga makofi. Mimi nilikuwa nyumbani, sina kazi.

Shangazi hakufukuzwa, kwa sababu hakuna aliyekumbuka kama ameajiriwa. Aliendelea kupanda na ndoo. Asubuhi moja akanitumia ujumbe: njoo na nyundo, zimetimia. Vijana walinifungulia geti. Nilipofika nikamkuta amekuja na Timazi, kofia kichwani, ameegemea mkongojo wake nje ya mlango, jua likimpiga.

Niling'oa mrunda mmoja mmoja, kuanzia katikati, shangazi akiwa kando yangu. Sikumfukuza tena. Wa mwisho ulipoanguka sote tulisikiliza. Zege halikutoa hata mlio.

"Lina siku ngapi?" mzee aliuliza kutoka nje.

"Ishirini na nane, mume wangu. Nimezihesabu mwenyewe."

Timazi aligonga ukuta kwa mkongojo, mara mbili. Akatazama juu, kwa muda mrefu. Kisha akainua ule mguu mbovu akauvusha kizingiti, akafuatisha mwingine, akaja polepole mpaka katikati ya wodi, akasimama karibu na mkewe. Alikuwa amefumba macho. Shangazi alimshika mkono, akamfuta jasho kwa ncha ya kanga yake.

"Vua kofia, mzee," alimwambia. "Uko ndani."