Vidole vya Karani wa Vyeti

Karani wa vyeti hana haja na kipanya cha kompyuta. Hukutazama usoni bila kupepesa, huku vidole vyake vikibonyeza vitufe viwili kwa mpigo. Ukurasa aliouwekea alama hufunguka kabla hujamaliza kueleza shida yako. "Vidole hivi vinajua njia kuliko mimi," hutania.

Leo mama kijana aliinama dirishani, mwanawe kalala mgongoni. "Kaka, naomba cheti cha kuzaliwa cha mtoto." Vitufe vikalia, ukafunguka ukurasa wa vifo. Karani akaufunga, akabonyeza tena. Vifo. Mara ya tatu tabasamu likamkauka, akavificha vidole kwapani kama vimeungua. "Samahani, dada. Havijawahi kukosea."

Mama hakumsikia. Alishafungua mbeleko, anamtikisa mwanawe: "Lia, baba. Lia kidogo tu, mama asikie."